Neno Hili ni la Kiti, au ni Lako?

Mwaka jana, wakati wa kuchuma pamba, nilihudhuria msiba katika kitongoji kimoja kisicho mbali na Mwandoya. Marehemu alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, mwenye nguvu za kulima, aliyeugua siku nne tu akafa. Watu walikusanyika wengi chini ya miti, wengine wamekuja kwa baiskeli kutoka vijiji vya mbali. Ndipo mwenyekiti wa kitongoji akasimama, kama ilivyo desturi, akatangaza saa ya maziko, akawataja watakaochimba kaburi, akasoma daftari la michango, kila nyumba na kiasi chake, pamoja na nyumba tatu ambazo zilikuwa hazijatoa kitu. Watu wakamsikiliza kwa adabu. Hata alipokwisha kusoma, hakuketi. Alilifunga daftari, akatazama chini kidogo, akasema kwamba kwa maoni yake kifo hiki hakikuja chenyewe; kwamba kijana mzima hafi namna hii pasipo mkono wa mtu; na kwamba wenye macho wanajua mkono huo unakaa upande gani wa kitongoji. Kisha akaketi.

Hakutaja jina, wala haja haikuwapo. Upande ule una nyumba nne, na katika nyumba hizo nne mna mjane mzee mmoja tu, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe anachopikia, maana kuni huku kwetu zimekuwa adimu. Usiku wa tatu vijana walisimama mlangoni pake wakiwa na fimbo. Mungu alimwokoa, kwa kuwa mjukuu wake alikuwa macho akapiga yowe. Asubuhi yake bibi yule alifunga mkeka na vyungu vyake, akaenda kukaa kwa binti yake, na hata leo hajarudi.

Wazee wawili pamoja nami tulikwenda kwa mwenyekiti. Alitupokea vizuri, akatupa viti, akaagiza tuletewe maji. Tulipomweleza lililotuleta, alijibu bila hasira: "Walimu na wazee, yale sikuyasema kama mwenyekiti. Yalikuwa maoni yangu mwenyewe, kama jirani mwenye uchungu. Je, kiongozi hana ruhusa ya kuwa na maoni?"

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa sababu nimelisikia mara nyingi, na kila mara limesemwa na mtu ambaye neno lake limekwisha kufanya kazi yake.

Ruhusa anayo. Katiba yetu ya mwaka wa 1977, katika ibara ya 18, yampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza, wala haisemi kwamba mwenyekiti wa kitongoji ametolewa. Mimi simtaki kiongozi asiye na mawazo. Mtu wa namna hiyo hawezi hata kupanga zamu ya kusafisha kisima. Neno langu ni jingine. Nauliza: ulisema lini kwamba ni maoni yako? Mwenyekiti yule alitwambia baada ya siku tano, nyumbani kwake, mbele ya watu watatu. Msibani, mbele ya watu mia mbili, hakusema. Sauti iliyotupa saa ya maziko ndiyo iliyotupa habari za mkono wa mtu. Alisimama mahali pale pale, na daftari la kitongoji lilikuwa bado mkononi mwake. Nani angaliweza kuyakata maneno yale katikati, kama mtu akatavyo muwa, akasema: hapa ndipo anapokoma mwenyekiti, na hapa ndipo anapoanza jirani? Tena, kama angalisimama jirani hasa, mtu asiye na cheo, akasema maneno kama yale, wazee wangalimketisha mara moja. Aliachwa aseme kwa sababu ya kiti. Vijana walichukua fimbo kwa sababu ya kiti. Halafu tulipokwenda kuuliza, kiti hakipo, tunamkuta jirani tu.

Na ajabu ni hii. Mtu huyo huyo, mwezi mmoja kabla ya msiba, aligombana na mwenzake juu ya mpaka wa shamba la mtama. Ugomvi ule ulikuwa wake mwenyewe, wa shamba lake alilorithi kwa baba yake. Lakini alipozidiwa kwa maneno, alisema: "Wajua unabishana na nani? Unabishana na kitongoji." Basi katika shamba lake mwenyewe alikuwa kitongoji, na katika jambo la uhai wa mtu akawa jirani. Anapotaka kutiiwa hukivaa kiti. Anapotakiwa kujibu hukivua.

Simsemi yeye peke yake, wala sikumtaja, maana wako wengi. Yuko mwenyekiti wa kamati ya shule anayemkataza mzazi kusema mkutanoni kwa sababu wana deni baina yao. Yuko kiongozi wa chama cha kuzikana anayetangaza pamoja na michango ni nani apewe kura. Yuko mzee wa kanisa ambaye, akiwa amekosana na mkwewe, kanisa zima husikia kwamba nyumba ile haina amani na Mungu.

Sisi wafugaji haitupasi kushindwa kulifahamu jambo hili, kwa kuwa tunalijua tangu utoto kwa habari za ngitili. Kila mtoto wa Kisukuma ajua kwamba kuna ngitili ya kaya na kuna ngitili ya kijiji. Ile ya kaya, mwenyewe huifunga mvua zinapoanza, na kiangazi kikikaza huifungua apendavyo, akaingiza ndama, na maksai, na ng'ombe dhaifu. Ile ya kijiji haifunguliwi na mtu mmoja. Mwenyekiti ndiye anayetangaza siku ya kuifungua, lakini kutangaza si kumiliki. Akiingiza ng'ombe wake usiku kabla ya siku ile, atatozwa faini kama mtu mwingine, tena watu watamcheka. Katika majani tumekuwa na akili hiyo miaka mingi. Mbona katika maneno hatuna? Maneno ya kiti ni ngitili ya kijiji. Yamefungwa kwa kutunzwa na watu wote ili yatumike siku ya haja: kuita watu kwenye kazi, kupatanisha, kuonya, kukataza. Mtu akiingiza humo chuki yake ya nyumbani, amelisha mali ya watu.

Sheria yenyewe husema karibu na hivyo. Kwa Sheria Na. 7 ya mwaka wa 1982, mwenye kauli kuu kijijini ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, na mwenyekiti ni mmoja wao. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka wa 1999, yasema kwamba halmashauri husimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini, yaani mtu aliyeshika kitu cha wengine kwa faida yao. Neno hilo "mdhamini" ningependa liandikwe kwa chokaa katika ukuta wa kila ofisi ya kijiji, juu ya kichwa cha anayeketi.

Mchanganyiko huu haukuanza jana, na haifai kuwalaumu viongozi wa leo kana kwamba ndio waliouzua. Zamani za watemi, Wasukuma walimzungushia mtemi miiko mingi, kwa kuwa mwili wake ulihesabiwa kuwa wa nchi. Mvua ikikosekana, yeye ndiye aliyeulizwa, na wazee waliomweka waliweza kumwondoa. Mtu wa namna hiyo hakuwa na pembe ya faragha. Lakini angalau alikivaa kiti usiku na mchana, heshima pamoja na mzigo. Hakuweza kusema, "Ukame huu ni maoni yangu tu." Kisha Waingereza, hasa tangu sheria yao ya mwaka wa 1926, waliwafanya watemi kuwa vinywa vya serikali. Mtemi akatangaza amri za matuta na za kupunguza ng'ombe, ambazo pengine moyoni hakuzipenda, na watu wakamchukia yeye, si Bwana Shauri aliyemwandikia. Hasira hizo zilionekana wazi kule Geita mwaka wa 1958. Utemi ulifutwa kwa sheria mwaka wa 1963.

Baada yake akaja balozi wa nyumba kumi. TANU ilimweka katika miaka ile ile ya 1960, na muda wote wa chama kimoja, tangu 1965 hata 1992, balozi alikuwa chama na serikali pamoja. Ndiye aliyepatanisha mume na mke, ndiye aliyemjua mgeni aliyelala, ndiye aliyeandika barua. Wengi wao walifanya kazi njema, na baba yangu mzazi alikuwa mmoja wao. Lakini mtoto aliyekua katika siku zile alijifunza kwamba neno la balozi, neno la chama na neno la serikali ni neno moja. Mwaka wa 1992 sheria ilivitenga. Tangu hapo balozi ni wa chama chake, na ngazi ya serikali ni kitongoji, kijiji na kata. Sheria ilibadilika kwa siku moja. Vichwa vyetu vingali njiani. Hata katika uchaguzi wa Novemba 27, 2024, kama katika ule wa 2019 na ule wa 2014, mwenyekiti wa kitongoji aliingia kwa tiketi ya chama. Hilo si dhambi, ndiyo sheria. Lakini akiisha kuapa amekuwa mwenyekiti wa aliyempa kura na wa aliyemnyima. Nimewasikia wenyeviti mkutanoni wakisema "sisi tumekataa", nami nikatazama huku na huku nisijue huyo "sisi" ni nani: ni kitongoji, ni chama, au ni yeye na shemeji zake.

Hatari huwa kubwa zaidi panapo sungusungu. Wao walianza katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi na polisi walipokuwa mbali. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini wazee wetu wasimulia kwa furaha jinsi ng'ombe walivyoanza tena kulala zizini salama. Serikali iliwakubali, na kwa sheria ya mwaka wa 1989 walipewa uwezo wa kukamata. Lakini silaha yao kubwa si upinde, ni kutenga. Aliyetengwa hasalimiwi, hapewi moto wala maji, haazimwi jembe, na akifiwa huchimba kaburi peke yake. Hukumu hiyo hukatwa katika mkutano, katika dagashida, na yule anayeongoza mkutano akiinua sauti yake kidogo tu kuelekea upande mmoja, watu hufuata. Kila mtu ajua pia kwamba tangu mwanzo, pamoja na wezi, waliandamwa watu waliodhaniwa kuwa wachawi, na wengi wao walikuwa wanawake wazee. Sasa niambie, ndugu msomaji: kiongozi wa sungusungu akisema nyumbani kwake, mbele ya vijana wawili, kwamba "mimi kwa maoni yangu yule mama si mtu mwema," maoni hayo ni ya nani? Vijana wale ni jeshi lake. Hata akinong'ona, ameamuru.

Kwa hiyo siwakubali wale wanaosema kwamba dawa ya jambo hili ni rahisi, kiongozi aseme tu "hapa nasema kama mtu binafsi" na mambo yamekwisha. Dawa hiyo yafaa katika mambo mengi, kama rangi ya kupaka shule, au mbegu gani ya mtama ni bora, au kama mnada uwe Jumatano ama Alhamisi. Haifai katika yote. Yako maneno ambayo mtu akiisha kukabidhiwa nguvu juu ya wengine hawezi tena kuyasema kama jirani, kwa sababu masikio yanayomsikiliza hayamsikii jirani. Kumshtaki mtu kwa uchawi ni neno la namna hiyo. Kusema "familia ile ni wezi" ni neno la namna hiyo. Mwenye kutaka uhuru wa kusema hayo, na akirudishe kiti kwanza. Ndipo tutakapomjibu kama jirani, na pengine kumshtaki mahakamani kama jirani.

Wengine hunijibu, "Mwalimu, mtu ni mmoja, hagawanyiki. Tulimchagua kwa ajili ya mawazo yake, sasa wataka ayafiche?" La, sitaki ayafiche. Ayalete barazani kabla shauri halijakatwa, ayapiganie kwa hoja kama wajumbe wenzake. Shauri likiisha kukatwa kinyume chake, njia zake ni mbili: kulitekeleza, au kuondoka. Njia ya tatu, ya kubaki na muhuri huku akilibomoa shauri pembeni, ni uongo. Nchi yetu imepata watu walioziona njia hizo mbili. Julius Nyerere alikuwa mwalimu Pugu, tena rais wa TANU tangu 1954. Mwaka wa 1955, ilipombidi kuchagua, aliacha ualimu, akaacha na mshahara wake. Hakukaa darasani akifanya siasa kwa chaki ya shule. Na Zuberi Mtemvu, ambaye alikuwa na cheo katika TANU, alipopinga uamuzi wa Tabora wa mwaka wa 1958 juu ya kura tatu, alitoka, akaanzisha chama chake mwaka ule ule. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka wa 1962 alishindwa vibaya sana. Wengi humcheka kwa kushindwa kule. Mimi namheshimu: alilolisema alilisema kwa jina lake, na gharama yake akailipa mwenyewe.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ulitokea katika nchi yetu hii, wakati Meatu ilipokuwa bado sehemu ya Maswa, na Maswa katika Mkoa wa Shinyanga. Mwaka wa 1976 palikuwa na msako mkubwa Mwanza na Shinyanga wa kuwakamata waliodhaniwa kuwa wauaji, hasa wa hao vikongwe wa macho mekundu. Nia ilikuwa kuwalinda watu. Lakini baadhi ya waliokamatwa waliteswa, na wengine wakafa mikononi mwa waliowashika. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Hakumpiga mtu, wala hakuwapo. Kama angalitaka kusema, "Mimi binafsi nayachukia mateso," angalisema kweli tupu, na kila mtu angalimwamini. Hata hivyo Januari 1977 alijiuzulu, na wenye vyeo wengine nao wakaondoka. Aliona kwamba mikono yake ni safi, lakini mikono ya kiti chake ina damu, naye ndiye aliyekuwa akikikalia. Miaka minane baadaye nchi ilimfanya Rais, na alipofariki Februari 2024 watu walikuwa bado wanalikumbuka jambo lile.

Mlinganishe na liwali Pilato, ambaye habari zake hatuna haja ya kufundishwa. Yeye naye alikuwa na maoni yake binafsi, tena yalikuwa maoni ya haki: alimwona mshtakiwa hana kosa. Akayatangaza, akanawa mikono mbele ya watu, halafu kwa cheo chake akamtoa asulibiwe. Maji yale yaliosha mikono ya mtu, kiti hayakukiosha.

Naona wenyeviti wetu wengi wananawa.

Nami nisijifanye mwema kuliko wengine. Miaka michache iliyopita nilikuwa katibu wa kamati ya maji. Paliulizwa kisima kichimbwe wapi, karibu na shule au bondeni penye nyumba nyingi. Mimi nakaa karibu na shule. Siku ile watu waligawanyika, hapakuwa na uamuzi. Usiku nikiandika muhtasari, niliandika hivi: "Ilionekana kwamba karibu na shule panafaa zaidi." Kikao kilichofuata mzee mmoja, ambaye kusoma kwake ni kwa shida, aliomba asomewe taratibu. Aliposikia mstari ule aliuliza, "Mwalimu, aliyeona ni nani?" Nilitafuta jibu nisilipate, maana aliyeona nilikuwa mimi, na mke wangu aliyechoka kubeba ndoo. Nikaukata mstari kwa wino mbele ya wote. Kisima kilichimbwa bondeni, na mke wangu angali anabeba ndoo.

Tangu siku ile nayaogopa maneno haya: imeonekana, imeamuliwa, imeagizwa. Darasani tunafundisha kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka, na katika sarufi hazina kosa lo lote. Kijijini zimekuwa kichaka. Barua inakuja yenye muhuri, "Imeamuliwa kwamba fulani asilime pale," na ukiuliza ni kikao gani, cha tarehe gani, wajumbe walikuwa wangapi, unaambiwa huna adabu. Mwenye kuuliza hivyo ana adabu kuliko mwenye kuandika.

Na sisi wanakijiji tunayo sehemu yetu katika kosa hili. Twamwendea kiongozi usiku, twamwuliza, "Mkubwa, wewe wasemaje juu ya jambo hili?" Akijibu kwa wema tu, kama mtu na wageni wake, asubuhi twatoka tukitangaza, "Mwenyekiti amesema." Hasira yake ikiwaangukia jirani zetu twafurahi na kuiita sheria, ikituangukia sisi ndipo tunapokumbuka kwamba ni mtu tu. Kiongozi mmoja aliwahi kuniambia kwamba tangu achaguliwe hawezi tena kukaa na watu kuzungumza habari za mvua, kwa kuwa akisema "naona mwaka huu itachelewa," watu huacha kupanda. Nilicheka, naye akacheka, lakini alisema kweli, na namwonea huruma.

Basi, kuhusu kitongoji kile nilichoanza nacho. Nimemwandikia mtendaji wa kijiji, na wazee wale wawili wameweka sahihi zao pamoja na yangu, ili katika mkutano mkuu ujao, kabla ya kusoma mapato na matumizi, mwenyekiti aulizwe mbele ya wote swali moja: maneno ya msibani yalikuwa ya kiti, au yalikuwa yake? Kama yalikuwa ya kiti, yaandikwe katika kitabu cha mikutano pamoja na ushahidi wake, na mkutano uyapime, na yakikosa ushahidi yafutwe kwa sauti ile ile yaliyosemewa. Kama yalikuwa yake, hatutamdai kiti chake siku ile. Tutamwomba aende kwa binti wa yule bibi, mwendo wa saa mbili kwa miguu, bila daftari, bila muhuri, bila vijana, amwambie yeye mwenyewe kwamba aliyesema ni jirani yake, na kwamba nyumba yake bado ipo. Paa limeanza kuvuja upande wa mashariki. Mjukuu ameahidi kulikarabati, akihakikishiwa kwamba atakayelala chini yake ataamka salama.